Kibodi Yenye Mkia

Ile ya kwanza ilikuwa na kichwa cha duara, rangi ya zambarau,
vijino sita ndani yake,
na ukikosea kuichomeka vilipinda kama misumari ya fundi mlevi.
Nilivinyoosha kwa kibanio cha nyusi.
Miaka kumi na minne, nyuma ya mahakama ya Kakamega,
viapo, talaka, wasifu wa marehemu,
hadi A ikafutika, kisha N, kisha I.
Vidole vilijua zilipo
kama ulimi unavyolijua pengo.

Kompyuta mpya ilikuja bila tundu la duara.
Mwenesi wa duka la vifaa akanipangia tatu juu ya kaunta:
hii ina waya, kichwa bapa, mia sita;
hii haina, ila ina kidude cha kuchomeka,
kidogo kama ukucha wa mtoto;
hii hata kidude haina, inaongea hewani.
“Inaongea na nani?”
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kidude nilikikataa papo hapo.
Nina kuku wawili wanaoingia ofisini bila miadi
na mjukuu anayemeza vifungo.

Ya hewani aliniazima Imbuka, mpiga picha za pasipoti,
jirani wa ukuta wa mbao na magazeti.
“Ijaribu mpaka Ijumaa.”
Nyepesi! Niliipakata mapajani, nikaandika nimeegemea dirisha,
mvua ya saa tisa ikiponda mabati.
Tabia yake moja: ukinyamaza ufikiri, nayo husinzia.
Ukiigusa, huamka kama mgeni,
haijui iko kwa nani.

Jumatano akaja Lihanda.
Kesi ya mpaka na nduguye Shivachi, mwaka wa sita huu.
Ndugu wakigombana, tunaambiwa, chukua jembe ukalime.
Mimi huchukua kibodi. Ukurasa shilingi hamsini.
Alianza kwa sauti ya mahakamani: Kwamba
akanyamaza.
Mvua.
Kibodi ikasinzia.
Kisha akasema, si kwangu, kwa mvua:
“Shamba sikulitaka. Nataka njia tu
ya kufika kwenye kaburi la mama.”
Nikaandika. Vidole havichagui.
Nikainua macho: kwenye kioo hakuna kitu,
kile kijiti kinapepesa palepale, mbele ya Kwamba.

Ng’ambo ya ukuta, Imbuka: “Nani anaandika kwenye mashine yangu?”
Kiti kikasukumwa.
Shivachi alikuwa amekaa mbele ya kitambaa cheupe,
shati limefungwa hadi kooni.
Aliisoma sentensi ikijiandika, herufi kwa herufi,
chini ya uso wake mwenyewe,
mahali pa jina la mteja.

Akaja mlangoni, bega moja limelowa.
“Njia ipo,” akasema. “Ni michongoma tu iliyoota.”
Lihanda hakugeuka. “Iliota au ilipandwa?”
Mvua ilijibu kwanza, kwa muda mrefu.
“Ilipandwa.”

Sijui waliishia wapi.
Walitoka mmoja nyuma ya mwingine, bila mwavuli, bila kunilipa,
na ukurasa ukabaki na neno moja.

Soko zima likaniambia ni muujiza, kaa nayo.
Imbuka akashusha bei.
Lakini nina viapo vingine.
Nina mwalimu anayeomba uhamisho mkuu wake asijue.
Nina mjane anayehesabu ng’ombe walioenda kwa mashemeji,
na shemeji mmoja hunyolewa kinyozi cha tatu kutoka hapa.
Si kila sentensi inayopenya ukuta
humkuta ndugu.

Ijumaa nikampa Mwenesi mia sita.
Waya mweusi, mita moja na nusu.
Nimeufunga kwenye mguu wa meza kama mbuzi.
Radi ikianza kule Shinyalu, nauchomoa.
Kuna siku namkumbuka Shivachi na lile bega
na mkono unasita.
Lakini neno likipotea sasa, naweza kulifuata kwa kidole
toka hapa
hadi pale,
na kama kuku hawajaudonoa,
nitalikuta njiani.